Mapigo Matatu Kwenye Bomba

Kila Pasaka shemeji yangu huja kula kwangu, na kila Pasaka, akishashiba, hunichokoza. Hanichokozi kwa habari ya shamba wala ya ng'ombe. Ananichokoza kwa habari ya Yesu. Anakaa uani kwenye kiti cha plastiki, anachokoa meno, halafu anauliza kwa ile sauti ya mtu asiye na neno na mtu: eti shemeji, hebu nieleze, huyo aliyefufuka, nani alimwona akitoka kaburini? Wewe ulikuwepo? Mimi nilikuwepo? Basi watu wazima na akili zetu tunaimbaje aleluya kwa habari ya kuambiwa?

Miaka yote nilikuwa namjibu kwa kumwongezea wali. Mdomo wenye wali hauulizi. Pasaka iliyopita sikumwongezea. Nilikuwa nimetoka kanisani, nimesimama tangu asubuhi, miguu inawaka moto, na bado nimepika mimi, nimepakua mimi, halafu mtu anakula kuku wangu huku ananiuliza kama Mungu wangu ni wa kweli. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akaniomba radhi.

Lakini hasira ya siku ile ilikuwa na mizizi. Katika watu wote wa Runzewe, kuanzia stendi mpaka mnadani, shemeji yangu ndiye mtu wa mwisho kuniuliza habari ya ushahidi. Wengine waniulize, nitawajibu kwa upole. Yeye asithubutu. Na ili mtu anielewe, lazima nirudi machimboni Rwamgasa, kwenye duara lake, ambako nilimpoteza mume wangu.

Shemeji ni kaka mkubwa wa marehemu. Sisi ni watu wa hapa Bukombe, wakulima wa pamba na mpunga, Wakatoliki ukoo mzima. Mwaka mmoja mvua ilitusaliti, pamba ikakaukia shambani, na shemeji, ambaye alikuwa ametangulia machimboni na kupata duara lake, akamwita mdogo wake aje achimbe. Duara ni shimo, kwa asiyejua. Linashuka wima mpaka kwenye mwamba, kuta zake zimeshikiliwa na magogo, kisha chini linakata njia ya pembeni kufuata mawe yenye dhahabu. Mume wangu akashuka humo kuchimba, mimi nikafungua banda la chakula juu. Wali, maharage, ugali, dagaa, na uji wa asubuhi. Binti yetu alikuwa mdogo, napika naye yuko mgongoni kutwa nzima, ananivuta nywele.

Sasa, duara lina masharti. Kabla halijafunguliwa, shemeji alimleta mganga kutoka mbali, kuku mweupe akachinjwa, dawa ikanyunyizwa, na mganga akatamka kwamba mwanamke asikanyage karibu na mdomo wa shimo, la sivyo dhahabu itakimbia. Wakachimbia kigingi, wakakifunga kitambaa chekundu, kikawa mpaka. Mwanamke asivuke hapo. Na shemeji huyo huyo ndiye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu pale machimboni. Jioni anatuongoza rozari, macho kafumba. Asubuhi anakwenda kukagua kama kigingi chake hakijang'oka. Nilimuuliza mume wangu, ni dhahabu gani hii inayomkimbia mama wa watu? Akacheka. Akasema labda iliwahi kuwa na mke.

Kwa hiyo sisi wanawake tulikaa ng'ambo ya kigingi, chini kidogo, kwenye bwawa la maji ya duara. Maji hujaa chini ya shimo na wasipoyatoa hawachimbi, ndiyo maana kulikuwa na pampu, na bomba la chuma lililotoka chini kabisa, likapanda mpaka mdomoni, likalala juu ya ardhi, likapita kigingini na kuja kumwaga bwawani kwetu. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini kwa kuosha masufuria yalitosha. Mwisho wa bomba ulikuwa karibu na mafiga yangu.

Chini ya duara mtu hapigi kelele akasikika. Wachimbaji waliongea na watu wa winchi, wale wanaovuta kamba juu, kwa kugonga lile bomba kwa nyundo. Pigo moja, simamisha. Mawili, ndoo imejaa, vuta. Matatu, mtu anapanda, vuta taratibu. Hayo yalikuwa mazungumzo ya wanaume, lakini chuma hakina siri, na pampu ikizimwa yalitufikia na sisi. Nikisikia matatu naanza kupakua. Baada ya muda nikajua hata mkono wa mgongaji. Mume wangu alikuwa na namna yake: mawili ya haraka, la tatu analichelewesha, mithili ya mtu aliyesahau kitu akarudia mlangoni. Nilimtania kwamba hata nyundo anaigonga kwa uvivu. Akasema ananipa muda wa kumtafutia minofu.

Siku duara lilipoanguka, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi watu walishuka, wengi wakapanda kuja kunywa uji, wakabaki wawili chini: mume wangu na mchimbaji mmoja wa kutoka Didia, Msukuma mrefu, mcheshi. Nilisikia mshindo usio mkubwa, mfano wa gunia la mpunga likishushwa kwenye lori. Nilipoinua macho watu walikuwa wanakimbilia mdomo wa shimo. Ukuta wa katikati ulikuwa umeporomoka na magogo yake, shimo likajiziba.

Wanaume walichimba siku ile na iliyofuata, sitawadhulumu. Walichimba mpaka viganja vikachubuka. Lakini kila walipotoa udongo ndoo moja, ulishuka wa ndoo mbili, na mara moja nusura umeze na waokoaji. Waliita, wakanyamaza wakasikiliza, hawakuitikiwa. Basi shemeji akakaa na wenzake wenye maduara, wakakubaliana kwamba wale wawili wameshakufa, na udongo bado unatembea, hakuna tena kushuka. Duara lifukiwe, liwe kaburi. Katekista aitwe asali, msalaba usimikwe. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe ambazo hazijui kulala, zikazimwa kwa heshima ya msiba. Nami nikawekwa mkekani, nikafunikwa kanga, nikaambiwa mimi ni mjane.

Nilikubali. Hilo nalisema waziwazi, maana watu hupenda kudhani kwamba mwanamke aliyefiwa husikia anachotaka kusikia. Sikuwa natarajia chochote. Nililia kilio changu, nikaanza hata kuwaza nitarudi kwa nani na mtoto. Siku ya kufukia nilinyanyuka mkekani kwa sababu ya masufuria tu. Msiba una masufuria kuliko harusi, na wenzangu walikuwa wamechoka. Nikachukua moja lenye ukoko, nikashuka bwawani, nikaliegemeza kwenye bomba nianze kusugua.

Sufuria likatetemeka mkononi mwangu. Mawili ya haraka. Kimya. Halafu la tatu.

Nikaacha kusugua. Nikaweka kiganja kwenye chuma, yakaja tena, na la tatu likachelewa vilevile. Nikaokota jiwe, nikagonga matatu. Pakawa kimya kidogo, halafu akanijibu.

Sikumbuki nilivyopanda ule mteremko. Najua nilikipita kigingi, maana wanaume wote waligeuka kwa pamoja, na mmoja akanizuia kwa mpini wa koleo. Walikuwa wameshaanza kumwaga udongo, katekista kasimama na maji ya baraka. Nikawaambia wako hai. Nikawaambia mume wangu anagonga, na amegonga matatu, anataka kupanda.

Walivyonitazama sitasahau. Ingekuwa chuki ningejua la kufanya. Ilikuwa huruma. Mmoja akasema uchungu umempanda kichwani. Mwingine akanung'unika kwamba nimeshavuka kigingi, sasa hata maduara ya jirani yataharibika. Nikasema njooni msikie wenyewe. Nilisema mpaka sauti ikakauka, na shemeji, labda kwa kuona aibu mbele ya watu, akashuka nami hadi bwawani.

Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba. Kimya. Nikachukua jiwe nikagonga matatu. Kimya. Nikagonga tena, nikamwambia subiri, watakuwa wamechoka, subiri. Alisubiri muda wa mtu kumaliza nusu ya sigara. Kisha akasimama, akapangusa matope kwenye suruali.

"Shemeji," akasema, "mwache ndugu yangu apumzike."

Sijapata kumchukia mtu namna ile, na alikuwa analia. Akapanda zake kuwarudia wenzake. Kabla hajafika hata kigingini, bomba likagonga.

Nikamwita, hakugeuka. Nikapanda mara ya pili, na safari hii hata ile huruma haikuwepo. Waliniambia nikivuka tena watanifunga kamba kama ng'ombe mkorofi. Nikawaambia wanifunge, ila wanifungie kwenye bomba. Halafu nikaketi chini, mbele ya makoleo yao, juu ya ule udongo wa kufukia, na mtoto wangu mgongoni. Nikasema anayetaka kumwaga udongo aanze na mimi. Walisimama pale wanatazamana, watu wazima na vifua vyao, hakuna aliyejua amfanye nini mwanamke aliyekaa.

Aliyenijia alikuwa mtu wa winchi. Muislamu mmoja wa makamo, mkimya, mteja wangu wa uji, ambaye muda wote niliomfahamu hakuwa ananiambia maneno mengi zaidi ya marahaba. Akachuchumaa karibu yangu, akauliza kama ni kweli nimesikia. Nikasema nimesikia. Akauliza mapigo mangapi na ya namna gani. Nikasema matatu, la tatu linachelewa. Akaitikia kwa kichwa, kwa sababu na yeye pale kwenye winchi aliujua mkono ule. Akanyanyuka, akachukua sululu na kamba.

Nikamuuliza mbona haendi kusikiliza kwanza.

"Nikisikiliza na yakanyamaza, nitakuwa nimejua nini?" akasema. "Wewe nakujua, mama. Hujawahi kuniambia uji umeiva kabla haujaiva."

Pembeni palikuwa na duara la zamani lililoachwa, kuta zake mwamba mtupu. Akashuka humo, akaanza kukata kwa ubavu kuelekea kwa mume wangu. Peke yake. Baadaye wakamfuata wawili waliokuwa wanakula bandani kwangu, kisha wengine. Hakuna aliyeniomba radhi. Walivua mashati tu wakaingia. Mimi nikarudi kwenye bomba, na hakuna aliyenitoa pale tena. Yakija mapigo najibu, kisha napeleka habari kwa wanaochimba.

Shemeji hakushuka. Alikaa kwenye gogo karibu na kigingi chake akisema tunafukua kaburi, tunamsumbua marehemu. Alikuja pale tu wachimbaji waliposikia sauti ya mtu nyuma ya ukuta kwa masikio yao. Hapo alishuka, na alichimba kuliko wote, hilo sitamnyima.

Lakini kabla ya hapo mapigo yalikuwa yamebadilika. Nilikuwa nimelala ubavu, kiganja kwenye chuma, yakaja matatu yaliyonyooka, yote sawasawa. La tatu halikuchelewa. Nikagonga kuuliza, yakarudi vilevile. Nikajua nyundo imeshikwa na mtu mwingine. Sikumwambia mtu yeyote, maana niliogopa wakijua amebaki mmoja mikono yao italegea. Nikaendelea kujibu.

Walimtoa yule wa Didia akiwa hai, midomo imepasuka, macho yamefungwa kitambaa yasiumizwe na jua. Wanawake tulikivuka kigingi sote, na sijui nani alikikanyaga, lakini baadaye nilikiona kimelala. Nyuma yake wakamtoa mume wangu kwenye turubai. Gogo lilikuwa limemlalia kiunoni. Hakuwa amekufa zamani. Yeyote aliyewahi kuosha maiti angejua. Tulimleta nyumbani Bukombe tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, kaburi la kweli na mwili wa kweli ndani yake.

Kabla hatujasafiri nilikwenda zahanati kumwona yule wa Didia. Alikuwa ananiita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma, ingawa tulilingana umri. Alinieleza mambo ya kule chini, na mojawapo nililibeba miaka yote bila kumwambia shemeji. Nililinyamazia kwa huruma, au kwa hasira, hata leo sijui.

Mazikoni padri alituambia tuyapokee mapenzi ya Mungu. Nilisema moyoni, haya si mapenzi ya Mungu, haya ni mapenzi ya shemeji. Na niliendelea kusema hivyo muda mrefu. Kanisani nilikwenda kwa sababu mtoto alipenda kuimba, basi. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma nimenuna. Kuna mama mmoja wa jumuiya alinishauri nisali nipate amani, nikamwambia amani aitafute yeye, mimi natafuta sababu.

Halafu ikaja Pasaka, likasomwa lile somo linalosomwa kila mwaka, ambalo nimelisikia tangu nanyonya. Sijui kwa nini siku hiyo niliinua kichwa. Wale wanawake hawakwenda kaburini kutafuta muujiza. Walikwenda na kazi mkononi, manukato ya kupaka maiti, kama mimi na sufuria langu la ukoko. Walikuwa wameshakubali kwamba amekufa. Wakarudi mbio, wakawaambia wanaume, na wanaume wakaona ni porojo za wanawake. Niliketi pale benchi la nyuma nikawa nalia kwa hasira. Niliwajua watu wale. Nilijua hata walivyotazamwa.

Tangu hapo nimelifikiria jambo hili kuliko watu wanavyodhani mama lishe hufikiri. Katekista wetu wa hapa ana jibu lake, kwamba imani haiulizi maswali. Ni mtu mwema, lakini hapo simuungi mkono. Mbona inauliza. Mimi nimemuuliza Mungu mambo ambayo nisingethubutu kumuuliza baba mkwe, na bado napika wali wa Pasaka. Anayekataza maswali anaogopa kwamba akichungulia atakuta hakuna kitu.

Nikachungulia. Hebu fikiri: kama ungetaka kutunga uongo machimboni Rwamgasa, ungemweka mwanamke awe shahidi wako wa kwanza? Thubutu. Ungemweka mwenye duara. Ungemweka katekista na maji yake ya baraka. Mtu anayetunga hatungi jambo la kujiaibisha mwenyewe, na wale mitume walikubali isimuliwe dunia nzima kwamba wao walijifungia ndani wakati wanawake wameshajua. Halafu waliosema wamemwona walitishwa, wakafungwa, wakauawa, na hakuna aliyesema jamani niacheni, nilikuwa natania. Najua kung'ang'ania neno mbele ya wanaume wenye makoleo kunavyouma. Hakuna mtu anayeng'ang'ania hivyo kwa kitu alichokibuni kando ya bwawa.

Na hawa wanaodai ushahidi, nao niwaulize. Mganga aliposema dhahabu inamkimbia mwanamke, nani aliweka sikio mahali popote? Nani alisema subiri kwanza tuone? Walichimbia kigingi siku hiyo hiyo. Nami nilikivuka mbele yao, na maduara ya jirani yakaendelea kutoa dhahabu kama kawaida, na mpaka naondoka vigingi vilikuwa bado vimesimama. Mimi niliyesikia kwa masikio yangu na kushika kwa kiganja changu, ndimi niliyeambiwa nilete uthibitisho.

Ila nikubali jambo moja, maana ukweli ni ukweli. Ushahidi hauji kwa kuitwa. Shemeji aliweka sikio na bomba likanyamaza. Unakufikisha mahali, halafu unabaki wewe na yule aliyekuambia, na swali ni kama unamjua. Ndivyo tunavyoishi siku zote. Hata baba yako ulionyeshwa na mama yako. Yule mtu wa winchi hakuwa amefumba macho. Aliuliza mapigo ni mangapi na ya namna gani, akapima, halafu akaniamini, na kuniamini kwake kulikuwa ni kushika sululu. Namtania mpaka leo kwenye simu kwamba yeye ndiye Mkristo wa kwanza niliyemwona machimboni. Ananijibu astaghfirullah, mama, niache na dini yangu.

Shemeji yeye aliacha uenyekiti wa jumuiya mwaka ule ule, na kanisani hajakanyaga tena. Duara aliliuza. Alirudi huku akatulimia shamba msimu baada ya msimu bila kuombwa, mimi na mtoto hatukulala njaa. Kwa hiyo kula kwangu Pasaka ni haki yake, simnyimi. Ni lile swali lake tu.

Basi Pasaka iliyopita alipouliza, niliweka mwiko chini. Uani tulikuwa sisi wawili. Binti yangu, ambaye siku hizi ni msichana wa sekondari, alikuwa ndani. Nikamwambia swali lake halimhusu Yesu hata kidogo.

"Unawaogopa wale wanawake," nikasema. "Ukikubali kwamba wao walisema kweli, itabidi ukubali kwamba na mimi nilisema kweli."

Akaacha kuchokoa meno. Nilimwona amezeeka, shingo imebaki mishipa. Akasema taratibu kwamba yeye aliweka sikio na hakusikia kitu, Mungu ni shahidi yake, alisikiliza. Nikamwambia najua alisikiliza. Kwa hilo sijawahi kumlaumu. Namlaumu kwa kusimama.

Halafu nikamwambia lile la zahanati. Yule wa Didia alinieleza kwamba gogo lilipomlalia mume wangu hakuweza kusogea, lakini bomba lilikuwa karibu na mkono wake, na ndiye aliyekuwa anagonga. Mara ya kwanza jiwe langu lilipojibu, alicheka. Gizani mle, na gogo kiunoni, alicheka, akamuuliza mwenzake kama amesikia. Baada ya hapo walisinzia wote wawili, akaamka yeye, akagonga tena. Nguvu zilipomwisha kabisa alimkabidhi mwenzake nyundo, na maneno aliyomwachia ndiyo haya.

"Gonga matatu, usiache. Mke wangu yuko kwenye bomba."

Shemeji akaniuliza kama wakati yeye amepiga magoti pale bwawani, ndugu yake alikuwa hai. Nikasema ndiyo, alikuwa hai, alikuwa amesinzia. Akalia. Mzee mzima, kiti cha plastiki kinatetemeka chini yake. Sikumbembeleza. Nilimwacha alie, maana kilio kile kilikuwa kimekaa ndani mwake tangu Rwamgasa, na mimi nilishakilia changu.

Alipotulia alijifuta uso kwa kiganja, akatazama nyuma ya nyumba, kule kwenye migomba, kaburini. Sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo. Alisema kama mtu anayeomba aambiwe amekosea.

"Lakini hakupanda, shemeji."

"Bado," nikamwambia. "Amegonga matatu. Mimi siondoki kwenye bomba."

Kisha akanyoosha sahani yake, nami nikamwongezea wali.